Ziara ya Jumba la Kilimani Ianzie Makwasinyi

Juu ya kilima cha Girigan, nje kidogo ya mji wa Taveta, lipo jumba linalojulikana kama Kasri la Grogan. Lilijengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyemiliki mashamba makubwa ya mkonge kwenye nyanda zilizo chini yake. Kutoka huko juu macho hupita mkonge, yakafika Ziwa Jipe na milima ya Upare ng'ambo ya mpaka, na mawingu yakiondoka, Kilimanjaro. Jumba lilikaa miaka mingi likiwa gofu kabla ya kukarabatiwa na kufanywa hoteli. Kwa mtalii mwenye siku moja ni kituo rahisi: anakodi gari lake pamoja na dereva anayejua historia, anapandishwa hadi mlangoni, anasimuliwa habari za mtu aliyetoka Cape hadi Cairo akifunga safari kwa miguu, anapiga picha, anashuka. Wapo wanaoibeza ziara ya namna hii kwa sababu ni fupi. Mimi siibezi. Kasoro yake ninaiona mahali inapoanzia. Ninashikilia kwamba ziara ya jumba lile la Taveta ianzie Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika eneo la Voi, upande wa pili kabisa wa kaunti ya Taita Taveta, ambako hapana kasri na hapajawahi kuwa na mfalme. Asiyepita Makwasinyi kwanza atauona ukuta wa Girigan, lakini hatajua ulisimamishwa juu ya nini.

Kasigau ni mojawapo ya sehemu tatu za nchi ya Wataita, pamoja na Dawida na Sagala. Mlima wenyewe unafika takriban mita 1,640 na umesimama peke yake katikati ya nyika, kilele chake kikiwa na msitu unaonasa ukungu na kuwapa maji watu wa chini. Vijiji vimeuzunguka mlima: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai mwaka 1847 kwenda bara kwa mara ya kwanza, hapa ndipo alipofika, miezi kadhaa kabla ya safari iliyomfikisha mbele ya theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848. Kwa hiyo Kasigau ilikwishaandikwa katika vitabu vya wageni zaidi ya nusu karne kabla Grogan hajamiliki hata ekari moja ya Taveta. Lakini habari nzito ya mlima huu ni ya mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameuteka mji wa Taveta Agosti 1914, na kutoka huko walituma vikosi vidogo kuvuka nyika usiku kwenda kulipua Reli ya Uganda. Mlima ulioinuka karibu na reli hiyo ukawa na thamani kubwa kwa pande zote mbili. Waingereza waliweka kituo cha askari Kasigau, na Wajerumani wakakivamia Agosti 1915. Baada ya shambulio hilo, wakoloni Waingereza waliwatuhumu wenyeji kwamba walimsaidia adui. Hawakumtafuta mhusika mmoja wala wawili. Jamii nzima ya Wakasighau iliteremshwa na kuhamishiwa Malindi, watu wa hewa ya mlimani wakatupwa pwani yenye mbu, mbali na mashamba na mifugo yao, na wengi wakafa huko kwa malaria na njaa. Desemba mwaka huohuo Wajerumani waliutwaa mlima, kisha wakauacha mwaka uliofuata vita vilipowageukia. Wenyeji hawakurudishwa vita vilipokwisha. Ilibidi wangoje hadi miaka ya 1930 ndipo waruhusiwe kukaa tena chini ya mlima wao.

Miaka ya 1930, muongo uleule. Wakati Wakasighau wanarudi kutafuta mipaka ya mashamba yaliyomezwa na vichaka, Taveta mtu mmoja anachagua kilima kinachompendeza na kujenga juu yake nyumba ya kutazamia mali yake. Ieleweke kwamba Grogan hakuwahamisha Wakasighau, na simtwishi dhambi hiyo. Kinachowaunganisha ni mfumo, na ushahidi wake umo katika sheria. Mwaka ule wa 1915, huku watu wa Kasigau wakipelekwa Malindi, serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Ardhi za Taji. Sheria hiyo iliongeza muda ambao mlowezi angeweza kukodishiwa shamba kutoka miaka 99 hadi miaka 999, na papo hapo ikaihesabu ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa nayo ni mali ya Taji. Ikitazamwa kutoka Makwasinyi, maana yake ni nyepesi kushika. Mtu aliyezikiwa babu na mababu zake mlimani hakuwa na karatasi ya kumzuia askari asimtoe, ilhali aliyefika juzi kwa meli angeweza kupewa karne kumi. Nyumba ya kifahari kilimani huzaliwa na hali ya namna hiyo, na mwongozaji anayeeleza upana wa roshani na uzuri wa machweo bila kuitaja sheria iliyoiwezesha amewanyima wageni wake nusu ya walichokilipia. Tusisahau pia kwamba Grogan huyu anayesifiwa kwa miguu yake ndiye aliyewachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, kitendo kilichompatia kifungo kifupi na jina kubwa miongoni mwa walowezi wenzake. Upande wake mwingine upo pia, kwani hospitali ya watoto ya Gertrude's jijini Nairobi inabeba jina la mkewe. Yote mawili yatajwe ndani ya gari.

Wanaoipinga ziara fupi ya gari husema historia hailiwi kwa haraka. Wanasema anayetaka kuijua Kasigau apande mlima kwa miguu, atoke jasho, alale kijijini. Ushauri ni mzuri kwa anayeuweza. Lakini kuupanda Kasigau ni kazi ya saa kadhaa kwenye mteremko mkali, na ukilifanya hilo kuwa sharti umemfungia mlango bibi wa miaka 70, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni na mwalimu mwenye Jumamosi moja tu kwa mwezi. Hao ni wananchi, na wana haki ya kuijua kaunti yao kabla ya mgeni mwenye viatu vya kupandia milima. Gari lililokodiwa na watu wachache lina faida ambayo basi kubwa halina: linasimama pale abiria anapouliza swali. Mji wa Sintra nchini Ureno, ambao majumba yake ya vilimani yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995, unalijua jambo hili vizuri. Kasri la Pena, lililoanza kujengwa na Ferdinand II karne ya 19 juu ya magofu ya monasteri, huvuta watu wengi mno kwenye barabara nyembamba za kupanda, hata magari ya watu binafsi yakawekewa mipaka na tuktuk na magari madogo ya waongozaji yakachukua nafasi. Watu huzunguka majumba mawili matatu kwa saa chache na kurudi Lisbon jioni. Ufupi haukuiua historia ya Sintra. Kama kuna kinachoidhuru ni wingi wa watu na uchache wa maelezo, na Makwasinyi haina tatizo la wingi wa watu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtalii ameahidiwa majumba ya vilimani, nawe unampeleka kwenye kijiji kisicho na jumba, je, hujamdanganya? Ningelikubali pingamizi hili kama ingekuwa kweli kwamba watu hufuata mawe. Tazama Kampala. Pale Kasubi, kaburi la Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne, jengo kuu ni la miti, matete na nyasi. Mutesa I alijenga makao yake juu ya kilima kile mwaka 1882, akazikwa humo miaka miwili baadaye. Jengo liliteketea kwa moto Machi 2010, likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na likaondolewa humo mwaka 2023 baada ya ujenzi mpya uliofanywa na mafundi wanaojua mila za ezeko. Ulimwengu mzima ulitambua kwamba thamani ilikuwa katika ujuzi na ibada, zaidi ya kuta. Ukienda kilima cha Mengo, si mbali na hapo, ndani ya uzio wa Lubiri lipo kasri jeupe la Kabaka lililovamiwa na jeshi la Milton Obote Mei 1966, shambulio lililoongozwa na Idi Amin na kumlazimisha Mutesa II kukimbilia uhamishoni. Kasri lenyewe wageni kwa kawaida hulitazama kwa nje tu. Wanakopelekwa ni kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyochimbwa enzi za Amin, ambamo watu walifungwa na kuteswa. Mwongozaji pale ni kijana wa Buganda, na ziara nzima haimalizi asubuhi. Hakuna anayetoka mle akidai kwamba kasri halikufunguliwa. Anatoka akiwa amefahamu mamlaka ya kilimani yanavyowafikia watu wa chini. Hicho ndicho Makwasinyi inachoweza kufanya kwa Girigan, na kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa sababu hapa waliofikiwa ni jamii nzima na wajukuu wao wangali wanalima palepale.

Wataita hawakuwa na wafalme. Waliongozwa na wazee, na mamlaka yao yaliwekwa mahali ambapo mgeni asiyeambiwa angepita bila kupaona: kwenye fighi, vichaka vitakatifu vilivyolinda mipaka ya makazi, na kwenye mapango ambamo mafuvu ya wahenga yaliyofukuliwa kaburini yalipangwa kwa ukoo. Mlima kwao ulikuwa chanzo cha maji, shamba, ngome na makaburi kwa pamoja. Nakiri kwamba hapa ndipo ninapoogopa utalii kuliko mahali pengine popote. Pango la mafuvu si kabati la makumbusho. Palipo na mwiko, gari lisimame mbali na mzee aseme anachotaka kusema, au anyamaze, na mgeni asidai zaidi kwa sababu tu ametoa fedha. Wenye majumba wana ruhusa ya kufunga vyumba vyao vya faragha na hakuna anayelalamika. Watu wasio na majumba wana haki ileile. Nina neno pia kuhusu habari ya Malindi. Kuna wanaoona ni aibu kuuza msiba wa mababu kwa mtalii. Wasiwasi huo ni wa heshima, lakini umeelekezwa pabaya, kwa sababu habari hiyo tayari inasimuliwa. Ziara za viwanja vya Vita Vikuu vya Kwanza zimekuwepo Taita Taveta kwa miaka mingi: Salaita, ambako vikosi vya Waingereza na Waafrika Kusini vilipigwa Februari 1916, Latema na Reata, ambako walipita kwa damu nyingi mwezi uliofuata, Maktau na makaburi ya Voi na Taveta yanayotunzwa vizuri. Askari wana mawe yao na vitabu vyao. Raia waliofia Malindi hawana makaburi ya kupelekewa mgeni, na iwapo wajukuu zao hawatapewa kiti cha mbele ndani ya gari, watabaki kutajwa na wengine kwa sentensi moja, kama watu waliosadikiwa kuwa wapelelezi.

Hapo ndipo hoja yangu inapotua, kwenye kiti cha mbele. Ziara ya faragha ina mtu mmoja anayezungumza na watu wanne wanaosikiliza, na hakuna kibao wala kitabu cha kumsahihisha. Nguvu ya mwongozaji ni kubwa mno. Hata Rebmann hakuufikia Kilimanjaro mwenyewe. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mwenye uzoefu wa misafara, na mengi aliyoyajua juu ya njia, machifu na hatari yalitoka kinywani mwa mtu huyo. Leo jina la Rebmann linakumbukwa na la Bwana Kheri linajulikana kwa wachache. Kenya ina chama cha waongozaji wa safari chenye mitihani na madaraja ya shaba, fedha na dhahabu, na ni jambo jema, kwani mwongozaji hapaswi kukisia jina la ndege wala mwaka wa vita. Lakini mitihani hiyo ina uzito mkubwa upande wa wanyama na mimea, jambo linaloeleweka katika kaunti ambayo takriban asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Kijana wa Makwasinyi anayeijua mifereji, mashamba yaliyoingiwa na ndovu mwaka jana na majina ya wazee waliorudi kutoka uhamishoni ana elimu ambayo haijawekewa cheti. Wekeni cheti. Serikali ya kaunti na shule za utalii zina uwezo wa kuandaa mafunzo ya miezi michache yanayomwongezea tarehe, sheria na lugha za wageni, bila kumfundisha hadithi ya kwao kana kwamba haijui.

Itaulizwa fedha zitaishia wapi. Swali ni la haki, kwa sababu ziara za faragha mara nyingi huuzwa Nairobi au Mombasa, gari hutoka huko, dereva hutoka huko, chakula hubebwa kwenye boksi, na kijiji huambulia vumbi. Dawa yake ipo katika namna ziara inavyopangwa. Voi ina stesheni ya reli ya SGR tangu 2017, kwa hiyo mgeni anaweza kushuka kwenye treni na kukodi gari palepale, au Maungu, mahali barabara ya Kasigau inapoachana na ile ya Mombasa. Mwongozaji achukuliwe kijijini na alipwe kwa siku, si kwa hisani. Chakula cha mchana kipikwe Makwasinyi. Kikapu cha mkonge kinunuliwe kwa aliyekisuka, na mgeni akumbushwe kwamba zao hilohilo ndilo lililomtajirisha mwenye jumba la Girigan; mikononi mwa wanawake wa Kasigau limekuwa karo ya shule. Anayesema kijiji hakiwezi kusimamia mapato haijui historia ya karibuni ya eneo hili. Mradi wa kaboni wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati zilizothibitishwa kwa kulinda msitu usikatwe, umewafanya wakazi kuzoea kamati, bajeti, mabishano kuhusu basari na mabomba ya maji. Yamekuwepo manung'uniko juu ya ugawaji, na manung'uniko ni dalili kwamba watu wanahesabu. Jamii iliyojifunza kudai sehemu yake katika biashara ya hewa ukaa haitashindwa kuidai katika biashara ya viti vinne vya gari.

Yapo pia malalamiko kutoka upande tofauti, ya wanaotaka jumba la Grogan liachwe lianguke. Wengine ni wakazi wa Taveta ambao mgogoro wa ardhi na mashamba makubwa ya mkonge haujawaishia, na ambao kila wakiinua macho wanaliona lile jengo. Siwezi kuwaambia wasiudhike. Naamini tu kwamba jumba likianguka, madhara ya hati za miaka 999 hayaanguki pamoja nalo, na wajukuu watakosa kitu cha kunyooshea kidole wanapoeleza ilikuwaje. Lisimame, na pale mlangoni liwekwe bango linalotaja sheria ya 1915, viboko vya 1907 na watu waliong'oa mawe shambani ili mkonge upandwe, kwa Kiswahili kwanza. Mwenye hoteli hatapoteza mteja kwa hilo. Wasafiri wa leo huuliza, na anayejibiwa kwa ukweli hukaa muda mrefu zaidi.

Imebaki habari ya muda, ambayo waandaaji wa ziara watanitolea kwanza. Makwasinyi na Girigan haziko jirani. Kutoka Maungu hadi vijiji vya Kasigau ni barabara ya vumbi inayohitaji gari lililoinuka na dereva asiye na pupa, hasa mvua ikinyesha, na kutoka Voi hadi Taveta, kupitia Mwatate na Maktau, ni zaidi ya kilomita 100 za lami. Kuziunganisha sehemu hizo mbili ni kazi ya siku nzima inayoanza alfajiri. Inafanyika, na njiani kuna Salaita ya kusimama dakika 20. Lakini mwenye nusu siku tu achague, na uchaguzi wenyewe haunipi shida: aende Kasigau. Azungushwe kwa gari chini ya mlima kutoka Rukanga hadi Makwasinyi, ashuke pale mwongozaji atakapomwambia ashuke, asikie habari ya 1915 kutoka kwa mtu ambaye ukoo wake ulihesabiwa kwenye safari ile ya Malindi, ale, anunue kikapu, arudi Voi kabla ya giza. Taveta ataifikia safari nyingine kwa lami nzuri. Kinachosubiriwa ni kaunti kuitengeneza barabara ya Maungu ipitike mwaka mzima, kwa sababu barabara hiyohiyo ndiyo inayompeleka mjamzito hospitalini Voi na mboga sokoni, na gari la watalii litakuwa la mwisho katika foleni ya wanaoihitaji.